Msamaha wa Mwenye Upanga

Wanaoambiwa "hasira hasara" mara nyingi ni wale wasioweza kumfanya mtu chochote. Mke aliyepigwa huambiwa na shangazi zake. Kijana aliyedhulumiwa shamba na baba yake mdogo huambiwa na wazee, kwenye kikao ambacho soda zimenunuliwa na huyo huyo baba mdogo. Tajiri akitukanwa haambiwi hivyo, ana wakili wake. Methali yenyewe ni kweli, kwani hasira humla anayeibeba. Lakini ikitoka kinywani mwa mtu asiyetaka kelele, huwa ni namna ya heshima ya kusema nyamaza.

Kwa hiyo riwaya za fantasia tulivu, zile ambazo kwa Kiingereza huitwa cozy fantasy, zinaposifiwa kwamba zinatuliza hasira, mimi hushtuka kidogo. Zinamtuliza nani, na kwa faida ya nani? Kitabu nacho kinaweza kuwa shangazi mwingine.

Chukua Legends & Lattes ya Travis Baldree, Mmarekani aliyekuwa akisoma vitabu vya sauti kabla hajaandika chake. Alikichapisha mwenyewe mwanzoni mwa 2022, na kabla mwaka haujaisha Tor wakakitoa upya. Viv ni orki, jitu la kike lenye misuli, mamluki aliyechoka kuua kwa malipo. Ananing'iniza upanga ukutani na kufungua mgahawa wa kahawa katika mji usiojua kahawa ni nini. Hazipiti siku nyingi kabla wahuni wa mji hawajaja kudai pesa ya ulinzi. Suala linaisha kwa mkubwa wao, bibi mmoja mtu mzima, kukubali kupelekewa skonzi za mdalasini kila wiki. Aliyewahi kuendesha kibanda cha biashara atacheka hapo. Wanaopita kukusanya pesa hawali skonzi.

Hata hivyo kuna kitu Baldree amekipata, pengine bila kukipigia hesabu. Upanga upo ukutani, na kila anayeingia kunywa kahawa anauona. Viv haachi kupiga kwa sababu hawezi. Anaweza sana, na sisi tunaosoma tunaweza naye. Kwa saa chache msomaji ambaye maishani hana hata kisu cha kukatia vitunguu anapewa nguvu ya kulipiza, kisha anapewa sababu ya kutoitumia. Hiyo ndiyo fantasia yenyewe. Uchawi na viumbe wa ajabu ni mapambo tu.

Kitabu kinacholifanya jambo hili kwa uzito zaidi ni The Goblin Emperor cha Katherine Addison, jina la kalamu la Sarah Monette, kilichotoka 2014. Wapo wanaobisha kwamba si fantasia tulivu, kwa kuwa kina mauaji na jaribio la mapinduzi. Mimi nakiweka humo humo, kwa sababu kinashughulika na namna ya kukaa na watu vizuri kuliko namna ya kuwashinda.

Maia ana miaka kumi na minane. Baba yake, mfalme wa elfi, alimchukia yeye na mama yake kwa kuwa mama alikuwa gobilini. Mama alifariki Maia akiwa na miaka minane, naye akapelekwa kuishi nyumba ya mbali chini ya Setheris, ndugu wa ukoo aliyekuwa naye ameangukiwa na ghadhabu ya mfalme. Setheris alimpiga kwa miaka. Maia ana makovu mkononi yaliyotokana na kusukumwa na huyo mlezi. Kisha meli ya angani inalipuka, inaua mfalme na watoto wake wakubwa wa kiume, na kijana huyu asiyejua hata kucheza dansi anakuwa mfalme. Setheris anafika naye ikulu akitarajia cheo.

Sasa mpigaji amesimama mbele ya aliyempiga, na aliyepigwa ana taji kichwani. Neno moja tu, na Setheris yuko gerezani. Hakuna ambaye angelalamika.

Addison hampi Maia moyo wa malaika. Kijana anatamani. Anajua kwamba angefurahia, na kujua huko ndiko kunakomtisha, kwa sababu furaha ya namna hiyo ameshaiona kwenye uso wa Setheris. Hamfungi. Anachotaka zaidi ni asiwe anamwona. Wala hatuambiwi kwamba amemsamehe kwa maana ya kumkumbatia na kulia pamoja, jambo ambalo kitabu cha ovyo kingelifanya mapema sana. Maia si mnyonge pia. Mjane kijana wa baba yake anapojaribu kumtendea kama mtoto, anamweka mahali pake kwa adabu kali.

Kinachoponya, nadhani, ni mwendo wa kitabu. Baada ya Setheris kutoka chumbani kuna barua za kujibu, nguo rasmi za kuvalishwa, wajumbe wanaosubiri, mazishi ya wahudumu wa kawaida waliokufa kwenye meli ile, ambayo Maia anasisitiza kuhudhuria. Hasira inataka siku moja kubwa ya hukumu. Addison anaipa Jumanne, kisha Jumatano. Kurasa mia zinapita na msomaji anagundua hajamfikiria Setheris.

Nilikisoma mwaka ambao mwajiri mmoja alinikalia mshahara wa miezi mitatu. Nilikuwa nikioga huku namhutubia. Hotuba zilikuwa nzuri, zenye takwimu. Nilipofika pale Maia anapomtazama Setheris nilimweka mwajiri wangu kwenye zulia lile, nikajiuliza nimfanye nini, na jibu lililonijia lilikuwa fupi: alipe, aondoke. Sikumsamehe. Ila mahali fulani katikati ya kitabu nilianza kuoga kimya kimya. Pesa zangu bado namdai.

Tofauti hiyo, kati ya kuacha hasira na kuacha dai, ndiyo inayonifanya nishindwe kuipenda The House in the Cerulean Sea ya TJ Klune kama wengi wanavyoipenda. Ilitoka 2020. Linus, afisa mpole wa serikali, anatumwa kisiwani kukagua kituo cha watoto sita wa ajabu, mmoja wao mtoto wa Shetani, na anapata familia. Imeandikwa kwa ucheshi na nilicheka. Lakini Klune mwenyewe alieleza kwamba wazo lilimjia baada ya kusoma habari za watoto wa wenyeji asilia wa Kanada, walioondolewa kwenye familia zao kati ya miaka ya 1950 na 1980 na kupelekwa kulelewa mara nyingi na Wazungu. Mwaka 2017 serikali ya Kanada ilikubali kuwalipa fidia. Baadhi ya wasomaji walikasirika sana kuona historia hiyo imegeuzwa kisiwa cha chai na muziki, na shujaa wake akawa afisa wa ustawi mwenye roho nzuri.

Naona walikuwa na haki. Maia ndiye mwenye kovu, na uamuzi ni wake. Katika riwaya ya Klune mlango wa utulivu unafunguliwa na mtu wa ofisi ile ile iliyowatenga watoto, na tunaombwa tushukuru kwamba safari hii ofisi ilimtuma mwema.

Klune alirudi kisiwani 2024 na Somewhere Beyond the Sea. Safari hii mhusika mkuu ni Arthur, mlezi wa kituo, ambaye utotoni aliteswa kwenye nyumba hiyo hiyo. Anaitwa mbele ya serikali kusema aliyotendewa. Ni kitabu chenye mahubiri mengi kuliko cha kwanza, na kama riwaya ni dhaifu zaidi. Arthur anaingia ukumbini, na ana hasira.