Nani Aliyewahesabu?

Taarifa na maarifa ni maneno yaliyozaliwa na shina moja la Kiarabu, na labda ndiyo maana twayachanganya. Wapo wasemao kuwa intaneti imemfungulia mwanafunzi hazina ya elimu. Wengine husema imemmwagia takataka mlangoni. Mimi nafundisha historia, na kwa maoni yangu pande zote mbili zinabishania wingi wa mali bila kuuliza imetoka wapi. Natosheka na mfano mmoja, Vita vya Maji Maji.

Insha juu ya vita hivyo nazisahihisha kila mwaka, na siku hizi zimenona: zina tarehe, zina majina, zina hata picha. Mwanafunzi mmoja huandika kwamba waliokufa walikuwa 75,000. Jirani yake huandika 300,000. Wa tatu, ambaye ndiye mwenye bidii kuliko wote, huziweka hesabu zote mbili, moja ukurasa wa kwanza na nyingine ukurasa wa tatu, wala hashtuki. Wote wamezitoa mtandaoni na hakuna aliyedanganywa. Ile ndogo ni makadirio ya Wajerumani wenyewe; ile kubwa ni ya mwanahistoria G.C.K. Gwassa, aliyekadiria kati ya 250,000 na 300,000. Lakini nikimwuliza mwanafunzi, "Nani aliyewahesabu?", hunitazama kana kwamba nimemwuliza nani aliyezihesabu nyota.

Vita vilianza Julai 1905 katika nchi ya Wamatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolimishwa kwa nguvu. Majeshi ya Gavana von Götzen yakachoma vijiji, mashamba na maghala, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko bunduki. Mtu aliyekufa kwa njaa porini mwaka 1907 haingii kwa urahisi katika daftari la ofisa. Anayelijua hilo ataanza kujiuliza nani alihesabiwa na nani aliachwa. Aliye na tarakimu mbili tu hana la kuuliza.

Kuna na hili la Kinjikitile Ngwale, aliyenyongwa na Wajerumani Agosti 1905. Mara nyingi nakuta kauli zake zimenukuliwa kwa fahari, kumbe ni maneno ya mhusika katika tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya mwaka 1969. Tamthilia ni nzuri, tena nzuri sana, ila ni kazi ya sanaa. Katika maktaba ingekaa rafu ya fasihi, na miguu ya mwanafunzi ingemwambia tofauti kabla ya macho. Kwenye kioo cha simu rafu zote ni moja. Tena, tangu mwisho wa mwaka 2022 zilipoenea programu zinazoandika insha nzima kwa swali moja, hata mishono ya kiraka haionekani tena.

Sisemi simu zifungiwe kabatini. Kitabu alichochapisha von Götzen huyohuyo mwaka 1909 sasa kinasomeka kwenye kompyuta, ilhali zamani nisingekiona kwa macho yangu. Ila nakumbuka kuwa mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walikwenda vijijini kuwauliza wazee habari za vita hivyo. Sidhani walikuwa werevu kuliko hawa wangu. Walikuwa na mzee mbele yao, na mzee huulizwa: Ulikuwa wapi? Uliona mwenyewe au uliambiwa?

Mwaka huu nimeacha kuuliza walikufa wangapi. Natoa hesabu zote mbili mimi mwenyewe ubaoni, simu ruksa, na nauliza kila moja ilipatikanaje. Wengi hurudisha karatasi nyeupe. Wachache huandika nusu ukurasa, wamefutafuta, wamekata, wameandika tena pembeni, na hizo ndizo ninazozisoma kwanza.