Kuwaka, Kufungua na Kufunga: Uhakiki wa Lugha ya Mwongozo Mmoja wa Kompyuta

Hivi karibuni tuliletewa ofisini kwetu mwongozo mdogo uliofasiriwa kwa Kiswahili, unaomweleza msomaji la kufanya endapo kompyuta aliyoiunda mwenyewe nyumbani, kwa sehemu alizonunua moja moja, inakataa kufanya kazi. Aliyeuleta ni mwalimu wa shule ya sekondari. Yeye na wanafunzi wake waliufuata hatua kwa hatua, wakanunua pawasaplai mpya, na kompyuta ikabaki vile vile. Baadaye fundi aligundua kwamba kijiti cha kumbukumbu hakikuwa kimekaa sawasawa mahali pake. Kilichohitajika ni kukikandamiza kwa vidole mpaka kibana. Fedha za wanafunzi zilikwenda bure kwa sababu ya neno moja, na neno hilo ndilo lililotufanya tuandike uhakiki huu.

Yafaa tuanze kwa kumtendea haki mfasiri. Sentensi zake ni fupi, mpango wa hatua zake ni mzuri, na hakujitia katika kubuni majina mageni pale ambapo mafundi wana majina yao tayari. Kasoro zake hazimo katika majina bali katika vitenzi.

Kasoro ya kwanza ni kitenzi kuwaka. Mwongozo unasema kompyuta "haiwaki" kila mara mambo yanapokwenda kombo. Taa huwaka au haiwaki, hakuna la kati. Kompyuta, kinyume chake, hupitia hatua kadhaa kabla ya kuwa tayari, na inaweza kukwama katika yoyote kati ya hizo. Hali tatu hazina budi kutenganishwa.

Katika hali ya kwanza, mtu hubonyeza swichi na feni hazizunguki kabisa. Hapa hutazamwa soketi ya ukutani, swichi iliyo nyuma ya pawasaplai, na waya mwembamba unaotoka kwenye kibonyezo cha kasha hadi kwenye pini 2 za ubao mkuu, ule ambao mafundi huuita mazabodi. Katika hali ya pili, feni zinazunguka lakini skrini ni giza, yaani umeme umefika, ila kwa kawaida kompyuta imeshindwa kumaliza kujikagua. Hapa hutazamwa vijiti vya kumbukumbu, pamoja na plagi ya pini 4 au 8 inayoilisha prosesa, kwa kuwa plagi kubwa ya pini 24 peke yake haitoshi. Hutazamwa pia kama waya wa skrini umechomekwa kwenye ubao mkuu ilhali kadi ya picha imewekwa. Katika hali ya tatu, maandishi yanaonekana katika skrini, lakini mfumo endeshi haupatikani. Hapa shaka huangukia diski na mpangilio wake.

Matini ya asili, ambayo tumeisoma, inazitenga hali hizi. Mfasiri amezikusanya zote chini ya "haiwaki", na kwa kuwa mlango huo unaanza na pawasaplai, mwalimu wetu alianza na pawasaplai. Feni zake zilikuwa zikizunguka tangu mwanzo. Lau angalisoma "inapata umeme lakini haimalizi kujikagua", asingalinunua kitu. Kwa maoni yetu, semi tatu zatosha: haipati umeme, haimalizi kujikagua, haipakii mfumo. Hakuna neno jipya ndani yake, wala msomaji hahitaji kamusi.

Kasoro ya pili ni ya hatari zaidi, nayo ni kufungua na kufunga. Katika sehemu nyingi watu husema "fungua redio" kwa maana ya kuiwasha, na "funga redio" kwa maana ya kuizima. Ni Kiswahili safi. Lakini mwongozo unamwagiza msomaji aifungue pawasaplai kisha asubiri kidogo, na wakati huo msomaji ana bisibisi mkononi. Atafungua nini? Pawasaplai hupokea umeme wa volti 230 hivi na kuutoa kwa volti 12, 5 na 3.3. Ndani yake mna kapasita zinazoweza kuhifadhi zaidi ya volti 300, na hubaki na chaji kwa muda hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Kasha lake halifai kufunguliwa na mtu asiye fundi wa kazi hiyo. Kwa hiyo neno ambalo sebuleni halina madhara, hapa linaweza kumwua mtu.

Kufunga nako kuna maana tatu katika mwongozo huo huo: kuzima kompyuta, kuweka kijiti cha kumbukumbu, na kurudisha ubavu wa kasha. Aidha, kuzima si kuchomoa. Kompyuta iliyozimwa kwa kibonyezo tu, huku waya wake ungali ukutani, bado ina volti 5 katika ubao mkuu. Anayepachika sehemu wakati huo anaweza kuiharibu.

Lugha yetu imekwisha kutupa jozi za kutosha. Tunapendekeza kuwasha na kuzima kwa swichi. Kuchomeka na kuchomoa kwa plagi na waya. Kupachika na kupachua kwa sehemu zinazokaa katika ubao. Na kufungua na kufunga kwa kasha na skrubu peke yake.

Kasoro ya tatu ni "mzunguko mfupi", ambao msomaji ataudhania ni waya usiofika. Mafundi husema shoti, nasi twaona litumike. Hata hivyo, watu husema pia "kupigwa shoti" kwa mtu aliyerushwa na umeme. Basi waya na ziseme zimepiga shoti, na mtu asemwe amepigwa na umeme.

Huenda wakatokea watakaosema kwamba muktadha hutosha, na fundi huelewa. Ni kweli kwamba fundi huelewa, lakini mwongozo huu umeandikiwa mtu asiye na fundi.

Lawama hizi si za mfasiri peke yake. Sisi wa istilahi tumetumia miaka mingi kubishana kama chombo hiki kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mabishano hayo yalikuwa na faida yake, lakini hayajamzuia mtu hata mmoja kukitumia. Wakati huo vitenzi, ambavyo ndivyo vinavyouongoza mkono wa mtu, tuliviacha vijitafutie njia. Orodha zetu hujaa majina kwa kuwa majina ni rahisi kuorodhesha.

Twawaomba wafasiri, kabla ya kuchapisha mwongozo wowote wa mashine, wampe mtu asiyeijua mashine hiyo ausome mbele yao, na watazame mikono yake inakwenda wapi. Nao walimu watuletee vitenzi wanavyovisikia katika karakana za sehemu zao, pamoja na jambo linalotendwa kila kinapotamkwa.