Ngojangoja ya Sekunde Tatu

Kim Yeji alipaswa kufyatua. Hilo ndilo neno lenyewe, na mengine yote nitakayoandika hapa ni ufafanuzi. Ijumaa ya Agosti 2, 2024, kule Châteauroux, kwenye mchujo wa Olimpiki wa bastola ya mita 25 kwa wanawake, taa ya kijani iliwaka na risasi yake ikatoka muda ukiwa umeshakwisha. Shabaha ya kielektroniki haijui jina la mtu: sifuri. Mkorea huyu, mshikilia rekodi ya dunia, akamaliza na pointi 575, nafasi ya 27 kati ya washindani 40, na kesho yake fainali ikapigwa bila yeye.

Wapo walioiita bahati mbaya. Sikubaliani nao. Bahati mbaya ni risasi kukwama kwenye chemba. Kuishikilia triga huku saa inakimbia ni uamuzi, na uamuzi huo ulikuwa mbovu kwa hesabu yoyote ile.

Tuipige hiyo hesabu. Risasi 30 za taratibu zilimpa 290, ambazo si haba wala si za kutisha. Risasi 30 za haraka zilimpa 285. Utaratibu mnaujua: taa nyekundu sekunde 7, kijani sekunde 3, risasi moja, kisha mkono unarudi chini nyuzi 45 kusubiri tena, mara tano kwa kila mfululizo. Sasa iondoe ile sifuri. Zinabaki risasi 29 zilizompa pointi 285 kati ya 290. Yaani katika kila risasi aliyoifyatua kwa wakati, jumla ya alichopoteza ni pointi tano. Mtu anayepiga hivyo, hata umwamshe usingizini, tisa anayo.

Na hiyo tisa ni kubwa kiasi gani? Waliozoea kutazama bastola ya upepo ya mita 10, ambako duara la kumi lina kipenyo cha milimita 11.5, husahau kwamba shabaha ya risasi za haraka ni kitu kingine kabisa. Duara la kumi hapo lina milimita 100, na la tisa lina milimita 180. Basi aliyekuwa pale na bastola mkononi hakuwa akichagua kati ya kumi na tisa, kama wanavyotuambia watetezi wake. Alikuwa akichagua kati ya tisa na sifuri. Ukiharakisha, unalipa pointi moja, ikizidi sana mbili. Ukichelewa, unalipa kumi zote. Mchuuzi wa karanga angeimaliza hesabu hiyo kabla taa haijageuka nyekundu.

Tuingie mkononi sasa, maana kosa la namna hii huzaliwa kwenye kidole. Triga ya bastola ya mita 25 kwa kanuni haipungui uzito wa gramu 1,000. Huwezi kusubiri mpaka bastola ifike juu, itulie, uikague, ndipo uanze kubeba kilo nzima kwa ncha ya kidole. Fundi wa kazi hii huanza kuibonyeza triga mkono ukiwa bado unapanda. Kilengeo cha mbele kinapoingia kwenye weusi wa shabaha, sehemu kubwa ya uzito ameshaibeba na kilichobaki ni kidogo tu. Mkono unapunguza mwendo, kidole hakipunguzi, na mlio unatokea wakati jicho bado linaangalia kilengeo.

Mwenye kuchelewa hufanya kinyume. Kilengeo kinafika, kinacheza kidogo kushoto, naye anakisimamisha kidole ili jicho lipate kuthibitisha. Hapo ndipo mchezo unapoharibika. Kidole kilichosimama hakiendelei chenyewe. Kinangoja amri mpya, na amri hiyo inakuja mkono ukiwa umeanza kuchoka na kilengeo kinacheza zaidi kuliko mwanzo. Anangoja tena. Taa inageuka nyekundu, na risasi inatoka nayo au nyuma yake. Mkono wa binadamu hautulii, haujawahi kutulia na hautatulia. Shule nzima ya kulenga shabaha ni kukubali mtikisiko ule na kufyatua ndani yake. Wahenga walishasema ngojangoja huumiza matumbo. Kwenye mita 25 huumiza na jedwali.

Msiniambie ni ugeni. Mei mwaka huohuo, kule Baku, Kim huyuhuyu aliweka rekodi ya dunia ya fainali ya mita 25 kwa kugonga mara 42 kati ya risasi 50. Sekunde zilikuwa tatu zilezile, taa zilezile. Uwezo upo, tena mwingi.

Maoni yangu, na wasomaji wa zamani wataguna kwa sababu wameshayasikia, ni kwamba fainali za siku hizi zinawaharibu wapigaji. Kwenye fainali ya wanawake ya mita 25, risasi ya 10.2 kwenda juu inahesabiwa moja, na chini ya hapo haihesabiwi kitu. Kwa mtindo huo 10.1 na risasi iliyochelewa zina thamani sawa: sifuri na sifuri. Mzoeshe mpigaji kuwinda kile kiini miezi na miaka, kisha mpeleke kwenye mchujo ambako tisa ni tisa kamili, inayotiwa mfukoni. Kichwa kinajua tofauti; kidole hakijui. Waliobuni kugonga-au-kukosa walitaka runinga ichangamke. Imechangamka. Lakini wamefundisha kizazi kizima kuidharau tisa.

Wao haohao ndio waliotuondolea bastola huru ya mita 50 baada ya Rio 2016. Nimelisema hilo na nitalisema tena, maana ushahidi uko palepale Rio, tena kwa Mkorea mwenzake Kim. Jin Jong-oh, akiwa anatetea dhahabu za Beijing 2008 na London 2012, alipiga 6.6 katika risasi ya tisa ya fainali. Sita na ushei, kwa bingwa wa namna ile! Akashuka kwenye jedwali, watu wakaanza kumzika, naye akaendelea kufyatua moja baada ya nyingine mpaka akamaliza na 193.7, rekodi ya Olimpiki na dhahabu ya tatu mfululizo katika shindano lilelile. Risasi mbaya ya Jin ilikuwa hai, ilimpa 6.6 za kuanzia kujenga upya. Risasi ya Kim ilizaliwa maiti.

Ukirudi nyuma zaidi aibu inazidi. Károly Takács wa Hungaria alipoteza mkono wa kulia mwaka 1938, guruneti lilipomlipukia mazoezini jeshini. Akajifunza upya kwa mkono wa kushoto, akachukua dhahabu ya bastola ya risasi za haraka London 1948 na Helsinki 1952. Ralf Schumann wa Ujerumani alilitwaa shindano hilo mara tatu, 1992, 1996 na 2004. Hapo mpigaji ana mfululizo wa sekunde 8, wa sekunde 6, na ule unaotenganisha wanaume na wavulana: risasi tano, shabaha tano, sekunde 4. Kwa wanawake, Maria Grozdeva wa Bulgaria aliibeba mita 25 Sydney 2000 na akarudia Athens 2004. Hao hawakuwa na mikono ya mawe. Walijua tu kwamba risasi ina saa yake, na saa hiyo haiongezwi kwa kutamani.

Waliofanya kazi sawasawa Châteauroux wapate stahili yao. Veronika Major aliongoza mchujo kwa 592, Manu Bhaker akafuata na 590. Kwenye fainali Yang Ji-in na Camille Jedrzejewski walifungana 37 kwa 37, Yang akamaliza ubishi kwa nyongeza ya 4 kwa 1. Safi.

Kinachonikera zaidi ni somo ambalo watazamaji wamelichukua. Tangu Olimpiki ile, mtu akitaka kuanza kulenga shabaha anauliza kwanza miwani. Miwani ya Kim, na upande wa pili Yusuf Dikeç wa Uturuki, aliyepiga akiwa na miwani ya kawaida, mkono mfukoni, akaondoka na fedha ya timu mchanganyiko pamoja na Şevval İlayda Tarhan. Kwenye miwani ya Kim, kile kitundu mbele ya jicho kinasaidia kilengeo kionekane wazi, na kile kikinga cha upande wa pili kinakuwezesha kuacha macho yote mawili wazi bila kuchanganyikiwa. Basi. Mkono mfukoni ni wa kuutuliza ule usio na kazi, usije ukauyumbisha mwili. Hakuna miwani inayofyatua triga.

Swali la maana ni bastola ya kwanza iwe ipi, na hapa kwetu jibu linalotolewa huwa lilelile, tena baya. Mtu anahangaikia kibali, anakipata kihalali, kisha anaingia dukani na kutoka na bastola ya milimita 9, ikiwezekana ile nyepesi ndogo ya kuficha kiunoni, kwa sababu ndiyo aliyoiona kwa mwenzake. Anaipeleka renji. Risasi ya kwanza inampiga teke, ya pili analisubiri teke, ya tatu anafumba macho na kuinyakua triga kabla ya wakati. Bastola nyepesi hupiga teke zaidi, si pungufu, lakini muuzaji hakumwambia. Baada ya boksi moja ameshajifunza hofu, na hofu ikishaingia kwenye mkono kuitoa ni kazi ya miezi.

Huyo anayenyakua na yule anayeganda ni ndugu wa damu. Mmoja anauogopa mlio, mwingine anaiogopa tisa. Wote wawili wamekivuruga kidole kilichokuwa kikiendelea na kazi yake. Kwa hiyo bastola ya kwanza ichaguliwe kwa jambo moja: ikuruhusu kufyatua bila hofu ya aina yoyote.

Anza na mpini. Bastola ikiwa tupu, imekaguliwa chemba na magazini, na mdomo umeelekea pasipo na mtu, ishike, fumba macho, iinue mbele, kisha fumbua. Kilengeo cha mbele kikiwa kimekaa katikati ya pengo la kilengeo cha nyuma, mpini unakufaa. Kikiwa kimeegemea upande kila ukirudia, mpini si wako hata bastola iwe ya bei gani. Kidole cha shahada kiifikie triga kwa nyama ya pingili ya kwanza bila kiganja kujipinda. Wapigaji wa Olimpiki huichonga mipini yao ya mbao mpaka ikaubeba mkono; nawe usikubali kuubana mkono wako uufuate mpini.

Pili ni triga. Iwe inajulikana inapoanzia na inapokatia, isiwe na mchanga ndani yake. Mimi si shabiki wa triga ya umeme kwa anayeanza. Tokyo, Julai 2021, bastola ya upepo ya Manu Bhaker iliharibika katikati ya mchujo, akapoteza zaidi ya robo saa kwa matengenezo, akamaliza na 575 na kuikosa fainali kwa pointi mbili. Kama Manu na timu nzima nyuma yake waliweza kukwama, mwanafunzi peke yake renji atafanya nini? Chukua ya chuma na springi, ambayo fundi yeyote anaifungua.

Kaliba ije mwisho. Anayeweza kupata bastola ya upepo ya milimita 4.5 aanze nayo: haina teke la kumtisha, haina mlio wa kumshtua, na kijirisasi chake kinakawia mtutuni kiasi cha kufichua kila uvivu wa mkono. Halafu kaliba .22, yenye risasi rahisi na teke dogo. Milimita 9 atakutana nayo baadaye akiwa ameshajua kidole chake kinafanya nini.

Mazoezi yenyewe yafanyike zaidi bila risasi kuliko na risasi. Bastola tupu, risasi chumba kingine, ukuta mweupe usio na mtu nyuma yake. Kwa .22 weka risasi bandia, maana nyingi pini yake hugonga ukingo wa chemba ikifyatuliwa tupu. Kisha mtu akuhesabie kwa saa: sekunde saba mkono chini, sekunde tatu unainua na kufyatua. Usitafute utulivu, tafuta kidole kisichosimama. Ukiona kilengeo hakikuruka wakati triga inakatika, umepiga vizuri, hata kama kilikuwa kimesogea kidogo kushoto.

Anayeanza afanye hivyo mwezi mzima bila kuchelewa hata mara moja. Hapo ndipo aende kununua risasi, na tisa zake azipokee bila kununa.