Jiko la Kuni Chumbani: Moto Unavuta Hewa ya Nani?

Sheria za Uingereza kuhusu majiko ya kupasha joto katika vyumba vya kulala zimejengwa juu ya swali moja: moto huu unavuta hewa kutoka wapi?

Kwa gesi, jibu limo katika kanuni za usalama za mwaka 1998. Hita inayozidi kilowati 14 haifungwi katika chumba cha kulala mpaka iwe imezibwa kabisa upande wa ndani, ikivuta hewa ya nje kwa bomba lake na kurudisha moshi hukohuko nje. Ya kilowati 14 kushuka chini izibwe vivyo hivyo, au iwe na kifaa cha kuizima kabla gesi chafu hazijafikia kiwango cha hatari. Ukali huo una sababu. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Aliye macho akiumwa kichwa anaweza kutoka nje. Aliyelala hajui kitu.

Kuni ni kazi nyingine. Gesi hukatwa kwa vali, lakini gogo lililokwisha kushika haliambiwi lizimike. Kwa England, Waraka J wa kanuni za ujenzi unategemea dohani, tundu la hewa na king'ora cha kaboni monoksidi. Tundu hilo haliruhusiwi kuwa na kifuniko. Nyumba ya zamani inayopitisha upepo huhitaji milimita za mraba 550 kwa kila kilowati inayozidi 5. Nyumba mpya iliyozibwa vizuri huhesabiwa kilowati zote. Chukua jiko la kilowati 8: katika nyumba ya zamani ni 1,650, yaani tundu la kama sentimita 4 kwa 4. Katika nyumba mpya ni 4,400. Fundi anayenakili kipimo cha nyumba ya jirani bila kuuliza umri wa kuta anacheza na roho za watu.

King'ora kimekuwa lazima tangu Oktoba 2010 kila linapofungwa jiko jipya la kuni au makaa ya mawe, na hukaa kati ya mita 1 na 3 kutoka kwenye jiko. (Jiko letu la mkaa, lile linaloingizwa ndani usiku wa baridi kule Njombe au Limuru, halina hata dohani, na hakuna tundu la hewa la kipimo chochote linaloweza kulihalalisha.)

Udhaifu wa Waraka J unaonekana usiku wa manane. Mwenye nyumba amebana hewa ili kuni zidumu hadi asubuhi, moto unafuka, dohani inapoa na mvuto wake unalegea. Kaboni monoksidi huongezeka saa hizohizo ambazo watu wamelala. Marekani, kanuni za shirikisho za nyumba zinazotengenezwa kiwandani zinakataza kabisa jiko la kuni katika chumba cha kulala. Naona England ingefanya vyema kufuata mkondo huo, au walau kudai kuni zifuate sharti lilelile la gesi: jiko lililozibwa, lenye bomba lake la hewa ya nje.