Kukalafati si Kuziba Nyufa

Tafsiri kadhaa zihusuzo ukarabati wa mashua kuukuu za tanga zina kasoro moja: zinaunda istilahi mpya pale ambapo mafundi wa pwani wanazo zao. Huandikwa "mbavu za mashua" badala ya mataruma, "uti wa chini" badala ya mkuku, na "kuziba nyufa" badala ya kukalafati.

Kosa hili la mwisho ndilo zito zaidi. Kukalafati ni kushindilia pamba yenye mafuta katika maungio ya mbao. Ufa ni dosari ya ubao wenyewe, na pengine dawa yake ni kuubadili ubao. Mwenye mashua aambiwaye "ziba nyufa" aweza kufunika ubao uliooza, kisha akatweka tanga. Kadhalika deheni, yaani shahamu na chokaa vipakwavyo chini ya chombo kuzuia wadudu watoboao mbao, si "rangi".

Hatudai kwamba msamiati huu watosha kwa kila chombo. Mashua ya faibaglasi haina maungio ya mbao, wala haikalafatiwi. Hapo istilahi mpya ni halali. Lakini kabla ya kuunda, hatuna budi kuwauliza mafundi.