Ile Picha ya Jua ni Picha ya Bandari

Tafuta kwenye simu yako picha ya Claude Monet iitwayo Impression, soleil levant, ile ya jua la rangi ya chungwa juu ya maji. Ukishaipata, ihariri: ondoa rangi zote ibaki nyeusi na nyeupe. Jua limepotea, au limebaki alama tu. Margaret Livingstone, mtafiti wa macho na ubongo wa Harvard, ameieleza siri yake. Monet alilipa jua mwangaza uleule wa mawingu yanayolizunguka, akalitofautisha kwa rangi peke yake. Sehemu ya ubongo inayopima mwangaza hailioni, inayosoma rangi inaliona, na ubishi huo ndio unaolifanya jua lionekane kama linapumua. Mtu kayafanya hayo mwaka 1872, kwa brashi, kwenye kanvasi ya sentimita 48 kwa 63.

Hiyo ndiyo sifa yake inayotajwa sana. Mimi chuo sikumaliza, na hata nilichokuwa nasoma hakikuwa sanaa, lakini nina sifa nyingine ya kuongeza, na nadhani mtu wa upande huu wa Lamu ataiona upesi kuliko mtu wa Paris. Hii ni picha ya bandari.

Angalia nyuma ya ukungu. Ile mistari ya kijivu na buluu ni milingoti ya meli, kreni, na dohani zinazotoa moshi. Ni Le Havre, mji aliokulia Monet mwenyewe, ameuchora kutoka dirisha la hoteli. Ufaransa ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kupigwa na Wajerumani, vita vya 1870–1871, na mitambo kama ile ilikuwa sura ya nchi inayojaribu kuinuka. Angeweza kugeuza shingo akatafuta majabali na mashamba ya Normandy. Siku hiyo hakugeuza. Moshi kauchora kwa mkono uleule aliochorea ukungu, hata hujui huu unaishia wapi na ule unaanzia wapi.

Ilipoonyeshwa Paris, Aprili 1874, Louis Leroy wa gazeti la Le Charivari aliicheka wee, akasema hata karatasi ya kubandika ukutani imekamilika zaidi. Kutokana na kejeli hiyo kundi zima likaitwa waimpreshoni. Jina la utani likishashika, nani wa kulibandua?

Sasa njoo Kililana. Ukisimama huku bara ukaitazama Ghuba ya Manda, jua huchomoza mbele yako, upande wa maji, kama kwenye picha ile. Ila letu halina subira: dakika chache jekundu, kisha limeshapanda na limeshaanza kuchoma. Na mbele ya jua hilo sasa kuna bandari. Gati ya kwanza ilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021.

Lakini hebu tafuta picha za Lamu. Utapata jahazi, punda, mlango wa nakshi. Kule Shela kuna tamasha la wachoraji lililoanza 2011. Baadhi yao hutoka Ulaya, na wanachora palepale nje juani, mtindo huohuo wa kina Monet. Mikono yao mizuri, sibishi. Ila katika kazi nilizoziona mimi, gati hakuna. Shingo zimegeuzwa. Wameirithi brashi ya Monet, ujasiri wake wa kuchora alichokikuta wameuacha Le Havre.

Hata Monet mwenyewe simwachi hivihivi. Rudi kwenye ile nakala isiyo na rangi. Jua limekwenda, kilichobaki wazi kabisa ni mtumbwi mweusi pale mbele. Ndani yake kuna watu, mmoja amesimama na kasia. Ni michirizi michache tu ya rangi. Hana uso, hana mkono wa kueleweka. Kazi yake pichani ni kukuonyesha bandari iko umbali gani.

Hapo ndipo mtu wa Kililana anaposita. Tarehe 30 Aprili 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari ya Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kwetu, chombo kilicho mbele ya bandari kina mwenyewe, na mwenyewe alikwenda kortini.

Simlaumu Monet kwa hilo. Ukungu wa alfajiri ndivyo unavyomwonyesha mtu: kivuli, kasia, basi. Kutoka dirisha la hoteli usingeona zaidi, na yeye alikuwa mwaminifu kwa alichokiona. Ninachotaka ni mahali pengine pa kukaa. Mtu akiichora bandari hii kutoka ndani ya dau, amekaa usawa wa maji, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, atapata picha nyingine kabisa. Gati itamzidi kimo. Taa ambazo hazijazimwa zitapepesa majini pamoja na jua, na atalazimika kuchagua kipi king'ae zaidi. Na yule mwenye kasia atakuwa karibu mno, hawezi kuchorwa kivuli. Itabidi achorwe hadi vidole.