Reli, Ghairi na Kidakuzi: Kiswahili cha Simu Katika Handeni na Korogwe

Mtu akikaa nusu siku katika kibanda cha fundi simu mjini Korogwe, au penye kivuli karibu na stendi ya Handeni, atasikia ubishi ambao wazee wake hawakuujua. Huyu ni wa iPhone, yule ni wa Android; na mwenye kompyuta huapa kwamba Windows ya zamani ilikuwa bora kuliko hii ya sasa. Ubishi huu wafanana na ule wa Simba na Yanga, kwa maana wengi wameshika upande kabla ya kuupima. Walakini mwenye sikio la lugha hugundua jambo moja. Wabishi husifu kamera, chaji, na heshima ya mkono uishikao simu. Sijamsikia hata mmoja akisema kwamba aupenda mfumo fulani kwa uzuri wa Kiswahili chake. Nao Kiswahili kimo humo ndani ya simu nyingi. Kwa nini basi hakitumiki?

Tusianze kwa kuwalaumu watafsiri. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za kuandikia na za hesabu kwa Kiswahili, tena za bure. Mwaka huo huo kampuni ya Microsoft ilitangaza nia ya kutoa programu zake kwa lugha yetu, na baadaye Android nayo ikavaa Kiswahili. Kazi hiyo si ndogo. Mtafsiri hupewa maelfu ya maneno yaliyokatwa mbali na sentensi zake, naye hana budi kukisia kama neno lililo mbele yake ni amri, ni jina, au ni sifa.

Hata hivyo, kazi ikishatoka ni haki kuipima. Kasoro yake ya kwanza ni wingi wa majina kwa kitu kimoja. Ufunguo wa kuingilia huitwa nywila mahali pamoja, nenosiri mahali pengine, neno la siri kwa wengine, na namba ya siri kwa mwenye kutuma fedha. Mwenye nyumba mwenye majina manne ya ufunguo mmoja ataupoteza.

Kasoro ya pili ni uzito wa maneno mahali pasipohitaji uzito. "Ghairi" ni neno safi. Kila mtu hughairi safari. Lakini kughairi ni kubadili nia, na mtu akitaka mtambo uache kazi, nia yake haikubadilika, "acha" lingemtosha. "Sakinisha" lina picha nzuri, programu kupewa makao ndani ya simu, ila fundi wa Handeni humwambia mteja, "Nikuwekee?" naye hujibu, "Niwekee." Neno limekwisha kuwapo mdomoni, sisi tukalitafuta kamusini.

Tazama sasa upande wa pili. Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, mama auzaye mahindi sokoni, mwenye kitochi chake, hubonyeza nyota mia na hamsini nyota sifuri sifuri reli, akasoma "Tuma pesa", akaweka namba ya siri, akaangalia salio, wala hakosei. Ni nani aliyeziita alama hizo nyota na reli? Si kamati. Katika mji wa Korogwe, ambako reli ya Wajerumani ilifika mwaka 1902, jina hilo halihitaji mwalimu: ni vyuma viwili vilivyolazwa juu ya mataruma. Watu waliona mfano, wakatamka, neno likaishi.

Yamkini msomaji atasema kwamba basi maneno ya kamati hayana maisha. La hasha. "Kishikwambi" lilichekwa sana. Lakini katika Sensa ya mwaka 2022 makarani walikwenda nyumba kwa nyumba wakiwa navyo, kisha vikagawiwa walimu. Neno lilifika kijijini pamoja na kitu chenyewe na kazi yake, na leo limetulia. Neno la ofisini laweza kuishi, mradi lisafiri.

Mtu aweza kuuliza, je, haya si mambo ya wanalugha tu? Nami najibu kwa neno moja zaidi, "vidakuzi". Hivyo ni vijifaili ambavyo tovuti huvitia katika simu yako ili ikutambue urudipo, na vingine huwachukulia wafanya biashara habari za mwendo wako. Kiingereza huviita kwa jina la biskuti. Watafsiri wetu walilichukua jina katika shina la udaku, na kila asomaye magazeti ya udaku ataelewa mara moja kwamba habari zake zachukuliwa. Hapa tafsiri imeishinda asili! Lakini neno hilo bora limelala, kwa kuwa simu hutoka kwa fundi ikisema Kiingereza. Fundi amezikariri hatua zake kwa lugha hiyo. Msambaa au Mzigua, ambaye Kiingereza kwake ni lugha ya tatu, hubonyeza ruhusa asiyoijua, na programu ya mkopo ikajitwalia majina ya jamaa zake wote. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizofanya kazi bila leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yataka mtu akubali; lakini kukubali usichokielewa si kukubali.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Kiswahili cha simu si kibovu; kimekosa kutahiniwa. Kabla ya kutiwa muhuri, maneno yasomwe mbele ya fundi wa Korogwe na muuza mahindi wa Handeni, lisiloeleweka lirudi. Kitu kimoja kipewe jina moja. Na fundi aombwe amuulize mteja lugha aitakayo kabla ya kumkabidhi simu yake.

Lakini lawama zianze nyumbani. Miaka niliyokaa ng'ambo nikiandika tasnifu ilivifundisha vidole vyangu amri za Kiingereza, na makala haya nimeyaandika kwenye mtambo unaonisemesha lugha hiyo. Nimeubadilisha leo. Nimekwama mara mbili, na mara zote mbili ni kwa maneno ambayo watu wa vyuo kama mimi tuliyasifu. Wasomaji walio na majina yaliyo bora, hasa yale yaliyosikiwa sokoni, na wayalete tuyapime.